Dakika za Mwisho za Kapteni Dorn

Kipindi cha televisheni cha Kapteni Dorn kilikuwa kinakufa Jumamosi hiyo, hata mwaka hakijatimiza, na watoto wa Amerika hawakuambiwa. Kampuni ya biskuti iliyokidhamini bado ilikuwa na maboksi madukani yenye picha ya chombo cha anga, basi ikapiga marufuku kuaga. Wenye fedha zao ndivyo walivyo.

Orrin Tuttle, ambaye ndiye aliyekuwa Kapteni Dorn, hakuona uchungu wala hasira. Alivaa kofia yake ya plastiki, akaketi mbele ya mitambo iliyochorwa kwa rangi ukutani. Jambo moja tu lilimkaa rohoni. Binti yake Nadine alihamia Cleveland na mama yake baada ya talaka, na alikuwa akimwona baba yake kwenye televisheni tu, kila Jumamosi. Baada ya leo, basi tena.

Kipindi kilirushwa moja kwa moja kutoka New York, ukikosea umekosea. Katikati Orrin akaruka ukurasa mzima wa maneno, maadui wakajisalimisha kabla hata ya kuvamia. Wenzake wakamaliza sehemu zao mapema, wakatoka, kamera ikabaki naye peke yake.

Kando ya kamera Mickey, msimamizi wa studio, akaanza kuvuta mikono huku na huku kama anayenyoosha mpira: refusha! Zilibaki dakika mbili. Waigizaji wote wa mjini waliijua ishara hiyo, na waliiogopa kuliko njaa.

Orrin akaikazia macho lenzi. Alikuwa na mengi ya kumwambia Nadine, lakini ndani yake palikuwa kimya, hapatoki kitu. Basi akamtazama tu, bila kupepesa, mpaka muda ukaisha. Aliamini mtoto ameelewa.

"We mzee, ulikufa au ulilala?" Mickey akafoka taa zilipozimwa. "Hata paka angejaza muda vizuri kuliko wewe!"

"Nisamehe, Mickey."

Akaiendea simu ya ukutani, kofia ingali kichwani, akapiga Cleveland. Mtalaka wake Lucille akapokea.

"Nadine ameniona?"

"Mwanzoni, ndiyo. Halafu si ukaganda? Akadhani televisheni imeharibika. Ameipiga makofi wee, haikusikia. Akaizima, akaenda zake nje kucheza."

Orrin akaivua ile kofia.

"Mwambie televisheni ni nzima," akasema. "Mbovu ni mimi."