Kura ya Batholomeo

Mwaka ule ligi ya mpira wa magongo ya wanawake wafanyakazi ilichezwa Dodoma huku watu wakijua kwamba baadhi ya timu hazitarudi tena. Mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa moja baada ya jingine, na shirika la nafaka alikofanya kazi Ruthu lilikuwa limeshapata mnunuzi. Wafanyakazi wengi wangepunguzwa. Lakini benki moja ya Dar es Salaam ilikuwa inaunda timu yake ya magongo, na iliahidi ajira kwa kipa bora wa ligi.

Ruthu alikuwa kipa wa timu ya shirika la nafaka. Baba yake, Batholomeo, karani wa ofisi ya mkoa, ndiye aliyemfundisha. Yeye mwenyewe alicheza magongo jeshini enzi za ujana wake. Mkewe alipofariki, akabaki na binti huyo mmoja, na pedi za kwanza za Ruthu alizishona kwa mkono wake, godoro kuukuu kwa ndani, turubai kwa nje. Jioni walikwenda uwanja wa nyuma ya kanisa, akampigia mipira hadi kiza kilipoingia.

"Usiufuate kwa macho tu, mama," alikuwa akimwambia. "Ufuate kwa mwili."

Kwa kuwa watu walimjua Batholomeo kwa uadilifu, chama cha magongo kilimweka kwenye kamati ya kuchagua wachezaji bora. Wenzake walikuwa Wambura, kapteni mstaafu aliyekuwa mwenyekiti, na Elieth, mwalimu wa michezo.

Fainali ilikuwa kati ya shirika la nafaka na timu ya hospitali. Kipa wa hospitali alikuwa Mwanahawa, muuguzi kutoka Kondoa, mtulivu, ambaye msimu mzima alikuwa amefungwa mara chache kuliko makipa wote. Upepo wa Agosti ulikuwa unavuma, vumbi linawaingia watazamaji machoni. Hospitali walishambulia tangu filimbi ya kwanza. Ruthu aliokoa kwa mguu, akaokoa kwa gongo, akaanguka kifudifudi na kuuzuia mpira kwa kifua. Wakapewa penalti, akaipangua. Watu wa hospitali wenyewe wakaanza kumpigia makofi. Dakika za mwisho mpira ukagonga gongo la beki wake mwenyewe, ukabadili njia na kuingia wavuni. Moja bila. Upande wa pili Mwanahawa alikuwa amefikiwa na mpira mara mbili tatu tu.

Kamati ikaingia chumba cha ofisi ya uwanja kukata shauri.

"Mimi nampa Mwanahawa," alisema Wambura. "Ametwaa kombe, na nyavu zake ndizo zilizotikiswa kidogo zaidi. Kazi ya kipa ni kutofungwa."

"Kapteni, mbele ya Mwanahawa kuna ukuta wa mabeki," Elieth akajibu. "Mpime kipa kwa mipira iliyomfikia. Bila Ruthu wangefungwa sita leo. Mimi nampa Ruthu."

Wote wawili wakamgeukia Batholomeo.

"Mzee, huyu ni mwanao," Wambura alisema kwa upole. "Ukitaka kukaa pembeni, hakuna atakayekulaumu. Tutamwita refa apige kura badala yako."

Refa alikuwa nje, akifuta vumbi usoni, na Batholomeo alikuwa amemsikia kwa masikio yake akisema hajawahi kuona kipa kama yule binti. Lakini kujitoa aliona ni kukiri kwamba hawezi kuhukumu kwa haki. Akawaza watakavyosema ofisini, kwamba hata Batholomeo, ikifika zamu ya damu yake, ni kama wengine.

"Sikai pembeni," alisema. "Mwanahawa."

Elieth akasema, "Mzee Batholomeo, ulikuwa umekaa nyuma ya goli."

"Nimeshasema, mwalimu."

Jina lilipotangazwa, Ruthu alipiga makofi pamoja na wenzake. Njiani kurudi nyumbani baba akamwambia, "Mwakani utaichukua tu."

"Mwakani timu gani, baba?"

Walipofika, Ruthu akavua viatu, akakaa kwenye kizingiti.

"Elieth ameniambia," alisema. "Sikukuomba unipendelee. Nilitaka useme ulichokiona, basi."

"Watu wangesema, mama."

"Watu." Alilitamka neno hilo polepole, kisha akaingia ndani kuwasha jiko.

Mwanahawa hakwenda Dar. Alikuwa na mume na kazi yake ya uuguzi, akaishukuru benki na kubaki Dodoma. Benki ikachukua kipa wa Morogoro. Kabla ya Krismasi shirika la nafaka likakabidhiwa mnunuzi, Ruthu akapunguzwa pamoja na wengine. Akaenda Chemba kununua mbuzi mnadani na kuwauza mjini, huko akaolewa na mfanyabiashara mwenzake, Ludovick. Alimtumia baba yake salamu kila alipopata mtu wa kumtuma. Kuja mwenyewe, hapana.

Miaka ikapita. Batholomeo alipostaafu alipanda gari akaenda Chemba. Ruthu alimpokea vizuri, "Shikamoo baba," akamtandikia kiti, akachinja kuku. Walipokaa kula, mzee alianza na lililomleta.

"Ruthu," alisema, "siku ile ulikuwa bora. Niliona. Kila mpira niliuona."

Ruthu alikuwa anammiminia maji ya kunawa. Hakuinua macho.

"Najua, baba. Nawa, ugali unapoa."

Ludovick akawatazama wote wawili, akatabasamu. "Bora wa nini, mzee?"

Batholomeo akamgeukia binti yake. Ndipo alipotambua kwamba miaka yote hiyo mumewe hajui kama aliwahi kushika gongo.

"Mambo ya zamani tu," Ruthu alisema, akamsogezea baba yake bakuli la mchuzi.

Mzee akanawa, akamega tonge, akalichovya kwenye mchuzi.