Pipi za Jumamosi

Kila Jumatano asubuhi nasimama mbele ya wazee kumi na wanne katika maktaba ya Sollefteå, mji wetu mdogo wa kaskazini, nawafundisha kutumia benki ya kwenye simu bila kuibiwa. Nilikaa kwenye dirisha la benki miaka thelathini na mmoja, mpaka tawi letu likafungwa na mahali pake pakafunguliwa saluni ya mbwa, kwa hiyo watu wa hapa bado wanaona benki ni mimi. Wananisimamisha hata dukani, mkononi nina maziwa. Na niseme ukweli, napenda. Darasani ni mkali. Mtu akija na namba zake za siri zimeandikwa kwenye kikaratasi nyuma ya simu, nakichana mbele ya wenzake wote.

Nasema haya mapema ili ujue ni mwanamke wa namna gani aliyekaa jikoni kwake Jumanne moja ya mwezi Machi, ameshabonyeza tarakimu nne kati ya sita za namba yake ya siri, anakaribia kumtumia pesa mtu asiyemjua.

Ujumbe ulikuwa umeingia saa tatu na nusu. "Habari mama. Simu yangu imeharibika, hii ndiyo namba yangu mpya. Nijibu hapa."

Mwanangu ni mmoja tu, Hampus. Ana miaka thelathini na minne, anaishi Malmö, kusini kabisa mwa nchi, na alikuwa hajasema nami neno kwa miaka minne. Baba yake alipofariki alituachia nyumba ndogo ya kiangazi kando ya ziwa, aliyoijenga mwenyewe huku Hampus, mtoto wa miaka saba, akimshikia misumari. Majira ya baridi mawili niliivumilia peke yangu: kupasua kuni, kukoleza jiko, kusukuma theluji kwenye paa lisije likabomoka. La tatu likanishinda. Nyumba ilikuwa kwenye kiwanja cha kukodi, basi hata karatasi hazikuwa nyingi. Wakala alinitumia mkataba wa kuiuza kwenye simu, nikautia saini kwa tarakimu zangu sita, hapa hapa mezani. Kahawa ilikuwa bado ya moto nilipomaliza.

Hampus nilimwambia wiki iliyofuata. Aliniuliza kama haikunijia hata kidogo kumpigia kwanza. Nikamjibu kwamba kuni hapasui yeye. Hayo ndiyo maneno ya mwisho kati yetu, na ni yangu, na sijapata namna ya kuyameza.

Baada ya hapo alinifungia simu. Nikipiga, inakatika hata kabla ya kuita. Ujumbe wa kawaida haufiki. Njia moja tu ilibaki wazi, sijui aliisahau au aliiacha: ile programu ya kutumiana pesa, ambayo mtu akikutumia chochote anaweza kuandika na maneno machache chini yake. Kwetu watoto hula pipi siku ya Jumamosi tu, na Hampus alipokuwa mdogo nilikuwa nampa pesa zake kila Jumamosi asubuhi, anakwenda kujichagulia mwenyewe na kurudi na mfuko. Zile nyeusi za chumvi hakuzipenda, ila alizinunua hivyo hivyo, akazipanga ukingoni mwa bakuli kwa ajili yangu. Basi kila Jumamosi kwa miaka minne nilimtumia krona ishirini, na chini yake naandika: za pipi. Hakuwahi kujibu. Lakini hakuwahi kuzirudisha pia, na mimi nimeishi kwa hilo.

Sasa unaelewa neno "mama" lilinifanya nini asubuhi ile. Nilikaa kwenye kiti na koti langu la nje, viatu vinachuruzika maji ya theluji sakafuni, nikaandika kwa haraka: "Ni wewe, Hampus?"

Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na darasani nina dakika kumi nzima kwa ajili yake. Tapeli hajui mtoto wako anaitwa nani. Unayemwambia ni wewe.

"Ndiyo mama, ni mimi Hampus," likaja jibu. Na baada ya kitambo: "Nimekukumbuka sana."

Nililia. Sioni haya kusema. Nilimwandikia kwamba nami nimemkumbuka, kwamba chumba chake hakijaguswa, kwamba nisamehe, mwanangu, nilikuwa nimechoka na baridi ilikuwa imeniingia mpaka kwenye akili. Nilimwandikia mambo ambayo hata kasisi sijamwambia. Akanijibu kwamba yote yamepita, mama. Kisha akasema ana bili ya kulipa leo leo, krona elfu kumi na nane na mia tano, na benki yake haifanyi kazi kwenye simu mpya mpaka kesho. Je, ningeweza kumlipia? Akatuma namba ya akaunti ya rafiki yake.

Karatasi yenye maneno hayo, karibu neno kwa neno, iko kwenye begi langu la maktaba. Nimeisoma kwa sauti mbele ya watu pengine mara hamsini. Kwa hiyo usidhani sikujua. Nilijua tangu neno "bili", na kujua hakukunisaidia kitu, kwa sababu upande wa pili alikuwepo mtu aliyeniita mama na kuniambia yote yamepita, na nisipomtumia pesa ataondoka. Pesa zenyewe zilikuwepo. Nusu ya bei ya nyumba nilimwekea Hampus kwenye akaunti ya pembeni, sijaigusa. Nikajiambia ni zake, basi kama anazitaka leo achukue.

Nikainuka, nikatoa kikombe chake cha bluu kabatini. Sijui kwa nini, mtu yuko Malmö. Kisha nikakaa, nikajaza namba ya akaunti, nikajaza kiasi. Simu ikaniomba tarakimu zangu sita, na nilikuwa kwenye ya nne kengele ya mlango ilipolia.

Alikuwa Torborg, jirani yangu wa chini, ana miaka themanini na mmoja, mwanafunzi wangu mbishi kuliko wote. Huja kunywa kahawa kila Jumanne saa nne, simu yake inaning'inia shingoni kwa uzi mwekundu wa sufu alioufuma mwenyewe. Aliweka mikate ya mdalasini mezani, akatazama vikombe: viwili vyetu vya kila Jumanne, na kile cha bluu.

"Cha tatu cha nani?"

"Hampus ameniandikia."

Torborg anajua habari zote za Hampus. Alikaa bila kuvua kofia. "Kwa namba ipi?"

"Usianze, da Torborg."

"Sijaanza. Nauliza swali lako la kwanza la Jumatano. Mwalimu wangu ni mkali, nisipouliza atanichania karatasi."

"Namba mpya. Simu imeharibika."

"Ahaa. Na leo kuna bili."

Alichukua mkate, akaugawanya mara mbili, akaniwekea nusu ambayo sikuigusa.

"Kiasi gani?"

"Elfu kumi na nane na mia tano."

"Bertil wa darasani, yule mtoto wake bandia alitaka elfu kumi na mbili tu. Kweli maisha yamepanda."

Siku nyingine ningecheka. Siku hiyo nilimwambia kwa ukali kwamba mzaha wake aupeleke kwake chini, kwamba yeye ana watoto watatu wanaompigia mpaka anawachoka, hajui ni nini kukaa Jumamosi hadi Jumamosi unaitazama simu. Alinisikiliza tu. Hilo lilinikasirisha zaidi, kwa sababu Torborg kwa kawaida hasikilizi.

"Na kama ni yeye kweli?" nikasema. "Nimkatalie, aondoke tena miaka minne? Mimi sina miaka minne ya kuchezea."

"Kama ni yeye, atangoja nusu saa. Mtoto aliyenuna miaka minne hashindwi na nusu saa." Akausukuma mkono wangu uliokuwa umeshika simu. "Sheria ya tatu inasemaje, mwalimu?"

"Piga namba ya zamani."

"Basi piga."

Nikafuta yale malipo, nikapiga, nikaiweka kwa sauti ili asikie. Ikakatika kabla ya kuita, kama nilivyojua. Nikamwambia, umeona sasa. Ndiyo maana sikupiga. Sheria zangu nilizitunga kwa ajili ya watu ambao watoto wao wanapokea simu.

Torborg alifikiri, akipangusa sukari vidoleni. "Na zile pesa za pipi huwa unazituma wapi?"

"Namba hiyo hiyo ya zamani."

"Zinafika?"

"Zinafika."

"Basi mwulize huko."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Kwa miaka minne njia ile ilikuwa ya Jumamosi na maneno mawili, na niliogopa kuongeza hata la tatu, asije akaona namsumbua akaifunga nayo. Huo ndio ukweli wote. Hela elfu kumi na nane sikuziogopa hata kidogo. Niliogopa kupoteza kadirisha kale kamoja.

Torborg akanivisha miwani. Nikaandika krona moja, na chini yake: "Kuna mtu ananiandikia kwa namba mpya. Ni wewe?" Kabla ya kuthibitisha, jina la mpokeaji likatokea kama linavyotokea siku zote, Hampus na ukoo wa baba yake. Nikabonyeza tarakimu zote sita.

Tukangoja. Yule mwingine hakungoja. Mama uko wapi, mama bili inafungwa saa sita, mama tafadhali. Torborg aliniambia nimzime, nikakataa. Nilikuwa bado namtetea moyoni, ebu fikiria. Nikamwandikia: "Jumamosi ulipokuwa ukila pipi zako, zipi uliniachia mimi?"

"Haha za chokoleti mama. Tuma kwanza tutaongea."

Nilimwonyesha Torborg. Nikamwambia labda amesahau, miaka ni mingi. Torborg hakunicheka. Alinishika kifundo cha mkono, tukakaa hivyo, na barafu ya paani ikawa inadondoka vipande vipande nje ya dirisha.

Saa tano na dakika tano simu ikalia ule mlio wake mdogo wa pesa kuingia. Krona moja. Chini yake: "Si mimi mama. Usimtumie kitu."

Niliyasoma maneno hayo kimoyomoyo, kisha kwa sauti, kisha nikampa Torborg anisomee yeye. Sijui kama kuna mama mwingine aliyefurahi hivyo kuambiwa na mwanawe kwamba si yeye. Aliyesema amenikumbuka hakuwa Hampus. Aliyesema yote yamepita hakuwa Hampus. Hampus hakuwa amesema lolote kati ya hayo, na huenda asiseme. Lakini aliniambia nisitume kitu, na akaniita mama, mara moja, bila kuombwa.

Mengine tuliyafanya kama yalivyo kwenye karatasi yangu. Nilipiga picha ya ujumbe wote, nikaifunga ile namba, nikapigia benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi na si nyingine yoyote, kisha polisi. Kijana wa benki aliniuliza kama nimewahi kupata mafunzo ya usalama wa simu. Torborg alilazimika kutoka kwenda barazani kucheka.

Kesho yake niliwasimulia darasani yote, hata kikombe. Bertil aliniuliza kwa upole ni karatasi ya nani tunayochana leo, nikamwambia yangu.

Siku tatu zilizobaki hadi Jumamosi sikulala vizuri. Nilitaka kumwandikia zaidi, nikaandika na kufuta, nikaandika na kufuta. Mwisho nilijionea huruma, nikaacha. Jumamosi ilipofika nilimtumia krona ishirini kama kawaida, nikaandika maneno yale yale mawili, nikaweka simu kifudifudi kwenye meza na kwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Mlio ukaja saa saba. Nilijipangusa mikono polepole, kwa makusudi. Ilikuwa krona moja.

"Zile nyeusi nimekuwekea."

Sikumpigia Torborg, sikupiga kelele. Nilikaa, nikavaa miwani, nikafanya kile ninachowafundisha. Nikaliangalia jina. Nikaiangalia namba ya zamani, tarakimu moja moja, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, na ilipokuwa sawa nikarudia tena.