Tanuri la Bwana Kesho

Katika ukoo wetu haraka ni ugonjwa, na mimi nimeurithi kwa shangazi. Siku ile nilikuwa mbele ya mashine ya eksirei ya maabara yetu chuoni tangu asubuhi, mguu ukitikisika chini ya meza, nikiangalia unga wa kigae kimoja ukipashwa moto nyuzi kumi kumi.

Kigae kilikuwa cha shangazi, mfinyanzi wa mitungi. Kwa miaka thelathini mitungi yake ilitoka tanurini mizima. Mwaka huu, mwaka wake wa kwanza wa ujane, katika kila kumi, saba ilitoka na nyufa. Alibadilisha udongo, akabadilisha kuni, wapi. Mwisho akasema mikono yake imezeeka, na kwamba uchomaji ujao ukiharibika atalibomoa tanuri na matofali atampa jirani. Shangazi hatishii mtu. Nyundo alikuwa ameshaitoa stoo na kuiweka uani.

Mashine yetu hupiga eksirei kwenye unga, na miale inayotawanyika huchora vilele kwenye skrini. Kilele kikisogea, ujue fuwele za ndani zimejipanga upya. Tulipanda mpaka nyuzi mia tisa. Tulipopita mia tano sabini na tatu, chembe za mchanga mweupe zilizomo kwenye udongo zilivimba, jambo ambalo kila mwanafunzi wetu analijua. Fundi wa mashine akanyoosha mkono azime. Hapa kwetu tunapima moto ukipanda. Ukishuka tunakwenda kula.

Nilimzuia. Nilimwambia kwamba shangazi husikia mlio wa kupasuka wakati moto umeshazimika, kwa hiyo jibu haliwezi kuwa kwenye kupanda. Akanung'unika kwamba chakula chake kinapoa, lakini akakaa.

Mia saba. Mia sita. Vilele vilikuwa vimetulia kabisa, na mimi nimeanza kuona aibu. Halafu, kwenye nyuzi zilezile, kilele kikaruka. Chembe zote za mchanga zilijikunyata kwa mkupuo mmoja, ndani ya nyuzi chache tu. Nilimkumbatia fundi, mtu ambaye hatujawahi hata kupeana mikono. Naye alikuwa amesahau chakula. Mtungi ukipoa polepole, hupita hapo wote kwa pamoja. Ukipigwa na upepo wa baridi, upande mmoja hujikunyata na mwingine bado, na hapo lazima upasuke.

Nilimpigia shangazi, shikamoo nikaimeza nusu.

"Shangazi, tanuri unalifungua wakati gani?"

"Wekundu ukiisha tu ndani. Nisubiri nini tena?"

Wekundu huisha karibu na nyuzi hizohizo. Nilimuuliza kama zamani pia alifungua hivyo. Zamani, akasema, aliyefungua alikuwa marehemu mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Kesho. Ukimwambia tanuri limezima, anajibu kesho, na kesho yake anajibu vilevile. Waligombana juu ya mlango wa tanuri miaka yote ya ndoa yao.

Nilimsihi achome mara moja tu, kisha asubiri siku mbili. Alikubali kwa shingo upande, akampa jirani ufunguo wa uani asije akajisaliti.

Siku ya kufungua nilikuwepo. Alitoa mitungi kumi, akaigonga mmoja mmoja kwa kifundo cha kidole, na kila mmoja ukalia sauti safi. Nilikuwa nahesabu kwa sauti kama mtoto. Baada ya wa kumi, shangazi alikaa kwenye kigoda chake akiitazama mikono yake, akacheka, kisha akalia.

"Miaka thelathini namwita mvivu," akasema. "Kumbe alikuwa kazini."

Nilimwachia nafasi. Baadaye nikamuuliza kama nyundo niirudishe stoo. Akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akasema niiache hapo hapo, ataiweka kesho.