Santuri ya Amos Tolliver

…tisa, bado dakika tisa, na maji ya bomba yaache yatiririke kidogo ili walioko jikoni wajue mtu yuko kwenye haja zake, ingawa haja yenyewe hana, amekaa juu ya kifuniko cha choo cha rafiki yake na mkanda wa suruali umefungwa, miwani puani, simu mikononi, Wendell Gaines, miaka sitini na tisa, shemasi wa kanisa, anajificha chooni mchana kweupe kama mtoto aliyeiba sukari, lo, na huko jikoni Cleophus anapiga kelele, "Kapanda tena! Odessa, huyu mtu kapanda tena!" na kambare wanalia kwenye mafuta, na Odessa, mkewe, anasema kitu ambacho hakisikiki vizuri, kitu cha unga wa mahindi, kitu cha pilipili, na hapa kwenye kioo cha simu namba imebadilika yenyewe, dola mia saba na ishirini, Wendell hakugusa kitu, haki ya Mungu hakugusa, ndivyo mnada wa mtandaoni ulivyo, unaitajia mashine kikomo chako mara moja tu, yeye aliitajia elfu mbili, kwa jina ambalo Cleo halijui, na tangu hapo mashine inamjibia, Cleo akiweka dau yenyewe inaweka juu yake papo hapo, haichoki, haina haya, na dau likishaingia halitoki, ameshajaribu, amebonyeza kila pembe ya simu hii, inamwambia muda wa kujitoa umepita… "We shemasi! Umezama humo?" Huyo Cleo, ngumi mbili mlangoni. "Nakuja, nakuja, tumbo tu." "Tumbo! Nimekuita uje unishike mkono, bwana, wewe umekwenda kukumbatia choo!" na anacheka, anacheka na miguu yake inaburuzika kurudi jikoni kwenye meza yenye kompyuta, anacheka mtu huyu, na Mungu anamsikia Wendell akimwomba asicheke.

Santuri yenyewe iko hapa kwenye picha, jalada limechanika pembe moja, lebo ya manjano, Amos Tolliver na wenzake watatu, mwaka hamsini na saba, zilitengenezwa mia mbili tu nyuma ya duka moja la Mtaa wa Hastings kabla mtaa wenyewe haujabomolewa ikapitishwa barabara kuu, na muuzaji, mtu wa Ohio asiyejua alichokiokota, ameandika kwamba ameicheza mara moja, iko safi, kasoro ni moja, mwisho wa upande wa pili muziki ukishakwisha kuna sauti ya mtu anacheka na kusema "Haya, tena," samahani kwa hilo, bei ya kuanzia nimeipunguza… kasoro! Hiyo ndiyo kasoro, ndugu zangu, hiyo sauti ya mtu ni baba yake Cleophus, mpiga piano wa Jumamosi na mmwaga chuma kiwandani siku nyingine zote, kifua kikamla kabla Cleo hajaanza shule, na sauti yake duniani ni maneno hayo mawili na kicheko, Cleo naye alikuwa na santuri yake kama hii, akiyasikiliza kila tarehe ya kuzaliwa, anaweka sindano pale mwisho kabisa, anakaa kwenye ngazi ya chumba cha chini, "Haya, tena," basi, anairudisha santuri kwenye jalada, haichezi mara mbili isije ikalika… na mtu huyo, anaingia hospitali kufunguliwa kifua, mwezi wa tano ule, miaka kumi sasa, anaipa mikono hii hapa santuri ile, "Sio kwa mwingine, Wendell, kwako tu, inakili, niletee kitandani, nikifa nife nimemsikia."

Na ungeinakili, mpumbavu wewe, ungeinakili kwanza! Lakini wapi, santuri ilikuwa imepinda kidogo, sindano inapanda na kushuka kama mtu wa miguu mifupi kwenye ngazi, na Wendell si ndiye daktari wa santuri wa Detroit nzima, si ndiye wanayemletea zilizopinda hata kutoka mji wa Flint, akasema hapana, sitamnakilia rafiki yangu kitu kinachoyumba, nitainyoosha kwanza, nayo kazi ya kunyoosha anaijua, vioo viwili, santuri katikati, oveni kwa moto mdogo kabisa, dakika chache unasimama pale pale, hutoki, hupepesi macho, ameshafanya mara mia… na simu ya ukutani ikalia, na ni Odessa kutoka hospitali, "Shemeji, ametoka! Ametoka mzima! Kafungua macho kauliza nani kashinda mechi!" na Wendell akalia, akalia kwa furaha mpaka akakaa chini sakafuni, wakaomba pamoja kwenye simu, wakaimba hata ubeti mmoja, mtu mzima na shemeji yake, mpaka harufu ikamfikia, na aliporuka na kufungua oveni, yarabi, kile kilichokuwa kati ya vioo hakikuwa santuri tena, mistari yote imelainika imekuwa uso mmoja unaong'aa, ungeweza kujitazama ndani yake… sasa mtu utamwambiaje? Rafiki yako amefufuka na saa ile ile umemzika baba yake kwa sababu ulikuwa unashangilia? Akasema bado naisafisha, mwezi wa sita akasema mashine yangu imeharibika, wa saba akasema subiri kidogo, na wa nane mvua ikashuka siku moja ikajaza vyumba vya chini vya mji mzima, cha Wendell pia, santuri zake arobaini zikaelea kama majani, na hapo ulimi wake ukasema wenyewe, hakuuagiza, "Ilikuwa huku chini, Cleo. Ilikuwa huku chini." "Mia nane hamsini!" jikoni. Dakika sita. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, hii yake imekwenda miaka kumi na bado inaendelea mpaka chooni… na Cleo alikuja, ndicho kinachomuua Wendell, alikuja na mabuti ya mpira na ndoo, daktari amemkataza kubeba hata mfuko wa viazi, akabeba, mifuko na mifuko mpaka ukingoni mwa barabara walipokuwa wametupa makochi na mazulia, na katika mfuko mmojawapo kile kitu cha oveni kilikuwemo kimefungwa kwenye gazeti, Cleo akautua kwa mikono yake mwenyewe, akamshika Wendell shingo, "Usilie, ndugu yangu. Maji hayana rafiki. Baba angesema hivyo hivyo." Akamletea santuri kumi na mbili kutoka rafuni kwake, zawadi, aanze upya.

Ndiyo maana anainunua, si ndiyo maana? Si kwa tamaa, Mungu ni shahidi, ni ili amrudishie, mwezi ujao Cleo anatimiza sabini, itafungwa kwenye karatasi nzuri, hakuna haja ya kusema oveni wala simu, kitu kimepotea kitu kimerudi, kurasa mbili zimegandishwa pamoja na hapana atakayezibandua… na aliiona yeye kwanza, wiki nzima kabla ya Cleo, dau lake lilikuwa limeshaingia! Halafu Alhamisi ya wiki iliyopita, kwenye duka la santuri kule Livernois wanapokutana wakusanyaji, Cleo akaja anahema, macho yanameremeta, akavua kofia akaiweka juu ya kaunta mbele ya wote watano, "Waungwana, kofia yangu iko kwa Amos Tolliver," na kofia ikishawekwa imewekwa, hakuna anayegusa santuri ya mwenzake, Percy Whitlow aligusa mwaka ule na mpaka leo hapewi salamu, kwenye mazishi ya mamake walitia sahihi kitabuni wakaondoka bila kumpa mkono, na nani alisema kwa sauti kuliko wote kwamba mtu wa namna ile hafai kukaa naye meza moja, nani, si wewe Wendell, ukagonga na kaunta! Alhamisi ile angeweza kusema, wakati wa kujitoa ulikuwa bado upo, akasema moyoni hapana, Cleo mfuko wake mfupi, kuna yule mshindani mwingine mnadani, yule wa mbali mwenye jina linaloishia na namba nane, atamzidi, mimi nikikaa pale juu namkinga… namkinga… hebu tazama orodha ya madau, hebu itazame vizuri mara moja, ulikuwa unaogopa nini kuitazama, huyu wa nane aliacha Jumanne hii, aliacha kwenye dola mia tatu na arobaini, akaenda zake, na tangu Jumanne hakuna mtu, ni Cleo na mashine, Cleo na mashine, yaani Cleo na Wendell, angeichukua kwa mia tatu na hamsini, angekuwa anakula kambare wake saa hizi ameshapumzika. Dakika nne. "Elfu moja na mia moja," sauti ya Cleo imeshuka sasa, haipigi kelele tena, "Odessa… mimi mwisho wangu umefika." Basi, ahsante Mungu, basi acha, ndugu yangu, acha hapo hapo, usiongeze hata senti, mwezi mmoja tu utaipata bure…

"Weka na hela ya meno." Nini? Funga bomba, funga, asikie. "Weka na ya meno, mzee." "Odessa, hapana." "Nimesema weka. Miaka miwili natafuna upande mmoja, nitatafuna na mwaka wa tatu. Tena ni vizuri nipungue mwili." "Elfu moja ile umeikusanya kwa kufua mashuka ya watu, mke wangu." "Nami nakwambia uiweke. Meno yanauzwa kila siku. Baba yako kuna mahali pengine wanamuuza?" na Cleo anapenga kamasi, na Wendell anamwona shemeji yake bila kumwona, anavyoweka kiganja mdomoni akicheka kwenye kwaya, mwanamke aliyekuwa anacheka kwa mdomo wote, na kioo kinaruka, elfu moja mia mbili, mashine inajibu, mia tatu, mashine inajibu, inayala yale meno moja moja mbele ya macho yake… na kama ni kumrudishia tu, Wendell, kama kweli ni kumrudishia, ungeweza kumtumia fedha kwa bahasha bila jina, ungeweza kufanya mambo kumi, mbona katika yote umechagua hili la karatasi nzuri na wewe umesimama pale, mbona kila ukiiwaza siku ile unaanza na uso wa Cleo, Cleo anafungua, Cleo analia, anakukumbatia mbele za watu, hakuna rafiki kama huyu, na wewe unatikisa kichwa kwa unyenyekevu, si kitu, si kitu… ulitaka kushukuriwa! Hapo ndipo pabaya palipo, hukutaka kulipa, ulitaka kushukuriwa kwa kitu ulichokichoma, miaka kumi umekula samaki wa mwanamke huyu kila Jumamosi na bado ulikuwa na njaa ya shukrani, ah, Wendell, kikulacho ki nguoni mwako, na Cleo hakuwa na mdudu mwingine nguoni ila wewe.

Elfu moja mia sita. Dakika mbili. Na ubaya wa jambo hili ni kwamba hakuna anayemlazimisha, anaweza kukaa hapa hapa juu ya kifuniko, Cleo atafika elfu mbili na kidogo, kikomo kitakwisha, mashine itanyamaza, Cleo ataruka ruka, Wendell atatoka anajifuta mikono, hongera ndugu yangu, watakula, watacheza upande wa pili mpaka mwisho na yule mzee atasema lake, na hakuna kiumbe chini ya jua atakayejua, meno yatasubiri, watu wanaishi bila meno… au aseme, na akisema Cleo ataacha kubonyeza, santuri itaangukia kwake kwa bei hii ilipofika, yeye ndiye atakayelipa, kama alivyostahili kulipa tangu mwezi wa tano ule, lakini hakuna mkeka utakaolifunika jambo, watauliza ile ya kwanza ilikuwaje, mafuriko yalikuwaje, mfuko ule nilioubeba ulikuwa na nini, na kofia, na Percy Whitlow, na kule kanisani, na Jumamosi zitakwisha, Jumamosi zote, atakuwa mzee anayekula peke yake mbele ya televisheni… elfu moja mia saba, "Imebaki mia tatu na kitu, mama," na shemeji anajibu, "Twende," sauti yake imara kabisa, twende, anasema, kana kwamba ni safari… "Cleo." Chinichini mno. Tena. "Cleo! Usibonyeze!" "Nini?" "Toa mkono hapo. Usibonyeze kitu. Huyo mtu ni mimi." Kisha Cleo anacheka, anacheka kweli, "Acha utani wako, shemasi, sasa hivi si wakati wa…" "Ni mimi, Cleo. Jina lile ni langu. Na ile ya kwanza, ile ya baba yako, mafuriko hayakuikuta. Niliichoma. Niliichoma kwenye oveni kwangu, siku uliyofungua macho, nikakudanganya." Na huko nje mafuta yanalia peke yake, halafu hata mafuta yananyamaza, Odessa amezima jiko, na Wendell yuko pale pale alipokuwa, mlango umefungwa, simu mikononi, dakika moja na sekunde tano, sekunde nne, tatu, na namba haipandi.