Dhahabu Tumboni mwa Kuku

Mwaka huu wa thelathini na tano nilirudi kutoka machimbo ya Lupa na karai moja na kiburi kingi. Miezi miwili nilichekecha mchanga wa kijito chetu cha Moshono, majirani wakinicheka, hadi Jumamosi moja kikabaki kwenye karai kipande cha dhahabu kama punje ya hindi. Nilikimbia nyumbani, nikajikwaa mlangoni, punje ikaruka, na kuku wetu mwekundu, mlafi asiye na adabu, akaimeza.

Nilitaka kumchinja papo hapo. Mke wangu Tabitha akadai sababu, na sababu sikuthubutu kuitaja, maana kuchimba dhahabu bila leseni ni kosa, na Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, alikuwa na masikio hata migombani. Nikamfunika kuku kwa tenga.

Asubuhi tenga lilikuwa tupu. Tabitha alikuwa amempeleka kanisani, sadaka ya mavuno! Nilifika mnadani nikihema, nikakuta Mama Mchungaji ameshamnunua.

"Mbona unamkodolea macho hivyo, Baba? Karibu mchana tumle pamoja."

Mchana nikapewa heshima ya mgeni, firigisi nzima. Ilikuwa imepasuliwa na kuoshwa ikatakata.

"Mama, ndani yake ulikuta nini?"

"Vijiwe tu. Nimevimwaga uani."

Nikachungulia dirishani. Kuku kumi na wanne wa Mchungaji walikuwa wanadonoa pale pale.

Tangu siku ile, kila wiki nanunua kuku mmoja kwa Mchungaji. Watu wanasema nimeokoka. Bado tisa.