Udongo Uliohamia kwa Wifi

Uvumi huo mama mmoja aliusikia kisimani, kwenye foleni ya ndoo: eti mtu akilitazama shamba la mwenzake kwa kijicho, udongo wake huinuka ukahamia huko. Mama yule alicheka na wenzake, lakini maneno yakamng'ang'ania kama kupe.

Ulikuwa mwaka wa tatu wa ukame. Shamba lake lilipakana na la wifi yake, dada wa mumewe. Katikati palikuwa na safu ya miti aliyoipanda baba mkwe kukinga upepo. Kivuli chake cha mchana kiliangukia kwa wifi, na mahindi ya wifi yalifika magotini. Yake yalikuwa kama ndevu za mgonjwa. Basi akachukua shoka, akaikata yote.

"Wifi, umekata kinga yetu sote."

"Nimekata kivuli chako. Ukikitaka, njoo ukiokote."

Jumanne, saa saba mchana, tufani ya vumbi ikapita. Ilipotulia, udongo wake wa juu ulikuwa kwa wifi, umejipanga kwenye matuta, mbolea na mbegu zikiwa bado ndani. Kesho yake hapakuwa na upepo. Alichungulia dirishani kidogo tu, na udongo wa kujaza ndoo moja ukainuka, ukavuka mpaka polepole, kama jirani anayekwenda kuomba chumvi.

Siku ya kliniki, binti yake wa miaka minne alikuwa amepungua kilo mbili.

"Anakula?" muuguzi aliuliza.

"Anamshinda baba yake."

"Basi acha kuchungulia, mama. Huyu ni wa tano leo. Anayefuata!"

Alirudi nyumbani akaziba dirisha kwa gunia. Siku ya pili akalitoboa gunia tundu dogo, la jicho moja. Mtoto akazidi kuwa mwepesi, hata akishikwa mkono kwenye upepo alipepea kama nguo kambani. Baba yake akambeba, akampeleka kwa shangazi, ulikohamia udongo aliozaliwa juu yake. Baada ya wiki uzito ulirudi, na mashavu yakajaa.

"Nirudishie mwanangu," mama alisema akiwa mpakani.

"Akija huko atapeperuka. Tupande miti tena, wifi, udongo utulie. Miche ninayo."

"Kivuli kitaangukia wapi?"

"Jua halijahama."

Mama aliyatazama mahindi ya wifi. Nyuma yake udongo ukainuka.

"Ngoja kwanza," akasema.

Miche ilikauka kwenye makopo. Mtoto yuko kwa shangazi hadi leo, na shangazi ndiye anayemwita mama.

Wenye mashamba na watoto, yazingatieni haya:

Usikate miti ya kukinga upepo, hata kama inamfaa zaidi mwenzio.

Usichungulie shamba la mtu hata kwa tundu la gunia.

Usitafute kwenye chakula kinachomkondesha mtoto; kitafute machoni pako.

Usiseme "ngoja kwanza" na miche iko mkononi.