Watu Wanne Wenye Miili

Wifi yangu akiwasha mashine ya kuchomelea, hata mimi hunyamaza, na wanaonifahamu wanajua hilo si jambo dogo.

Nianze na gari lenyewe. Lilikuwa la marehemu baba mkwe: saluni ndefu ya rangi ya krimu, taa za mviringo zinazokutazama kama mtu aliyeshtuliwa usingizini, na kiti cha nyuma kipana unachoweza kulalia na usikunje goti. Miaka minane lilikaa kwenye banda la uani. Injini yake nzima, inaguruma vizuri. Ugonjwa ulikuwa miguuni. Springi zilikuwa zimelala, na ile mikono ya chuma inayoshika magurudumu ya mbele ilikuwa imeliwa na kutu mpaka ukiigonga inamwaga unga. Vipuri vyake havitengenezwi tena popote. Mara ya mwisho Mama, yaani mama mkwe wangu, alipolipanda, walivuka tuta moja tu. Alishuka kashika kiuno, akalala chali siku tatu.

Ndipo shemeji yangu, kaka mkubwa wa nyumba, mtu wa ofisini ambaye shati lake hunyooshwa pasi hadi kwapani, akatangaza sebuleni tukiwa tumejaa kama kawaida yetu: "Mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa sita. Liondoke, tupate pa kuanikia nguo."

"Kaka, na nikilitengeneza?" akauliza wifi. Ni kitindamimba wao, anachomelea mageti na madirisha ya nusu ya mtaa huu.

"Kwa vipuri gani? Vimeisha duniani."

"Nitavitengeneza pia."

Shemeji akacheka kwa pua. Mama, aliyekuwa akimenya chungwa kama hasikii, akakata shauri. "Jumamosi hiyo asubuhi nitalipanda. Nikishuka nimeshika kiuno, liende zake. Nikishuka sijashika, mtu asinitajie tena vyuma chakavu. Nipeni chumvi."

Basi tukawa na wiki tano, na jaji wetu akawa kiuno cha Mama.

Natamani mngeiona kazi. Wifi alichora kwa chaki umbo la mkono wa zamani juu ya bamba nene la chuma, akachomelea vizuizi kuufuata mchoro, ili bomba lolote litakalolazwa humo litoke pacha na mwenzake. Akakata mabomba, akayachoma, akayasugua kwa grenda, akapima. Wa kwanza ulipishana na mchoro kwa unene wa ukucha. Akautupa pembeni. Nikamwambia, "Wifi, ukucha tu? Nani ataona?" Akanijibu, "Tairi litaona." Alijaribu springi za aina tatu kutoka magari mengine. Shokapu, zile zinazozuia gari lisirukeruke, alizitoa kwenye gari la kisasa, akazitengenezea vishikio vipya. Na bushi, yale mapete ya mpira yanayokaa kwenye maungio ili chuma kisigonge chuma, alimkalisha fundi wa kukereza vyuma mpaka yakaingia bila kulazimishwa.

Mimi kazi yangu ilikuwa chai na watazamaji. Siwezi kukaa na jambo zuri peke yangu. Nilimleta fundi cherehani wa jirani, mama mwenye mwili wa kuheshimika, na Mama Pacha wa nyumba ya tatu, na hao wakaleta wenzao. Kufikia wiki ya nne uani palikuwa na viti kama kuna sherehe. Habari zote za mtaa zilipitia pale: nani kahama, nani karudiana na nani, nani anajifanya hajarudiana.

Na hapo ndipo nilipoharibu.

Ilikuwa Jumatano ya mwisho. Gari lilikuwa juu ya stendi, magurudumu yananing'inia, mikono mipya inang'aa kwa rangi nyeusi. Wifi alikuwa chini na spana. Umati ukaanza kupiga makofi, na mimi, mdomo wangu huu, nikaanzisha: "Shusha tuone! Shusha tuone!" Wakaitikia wote. Wifi akacheka, akakaza bolti zote palepale, akalishusha.

Gari likasimama juu juu kama paka aliyeona mbwa. Akaliendesha hadi getini na kurudi. Lilikuwa gumu kama mkokoteni. Kila kokoto lilisikika hadi kwenye meno.

Shemeji alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini. Akalizunguka mara moja. "Limependeza," akasema. "Hata mnunuzi hatapata tabu kulipakia. Litaruka lenyewe."

Wifi akainama, akachungulia magurudumu. Kisha akatugeukia. "Naomba nyote mtoke. Na wewe, wifi."

Alhamisi nzima uani kulikuwa kimya. Nilifua nguo safi. Nilichungulia dirishani mara ishirini, nikamwona kalala chini ya gari, hafanyi kitu, anatazama tu. Nilijisikia vibaya kuliko siku niliyounguza shati la shemeji, na lile niliunguza kwa makusudi.

Ijumaa asubuhi akaja jikoni, masizi hadi nyusi.

"Wifi, bado umenuna?" akaniuliza.

"Mimi? Wewe ndiye uliyenifukuza."

"Nilikosea kukaza bolti magurudumu yakiwa yananing'inia. Bolti ikikazwa, inaubana mpira wa bushi pale pale ulipo. Gari likishuka, mpira unajinyonga, unataka kurudi ulikokazwa. Ndiyo maana limesimama vile. Inatakiwa zikazwe gari likiwa limekanyaga chini, na limebeba uzito litakaoubeba kesho."

"Sasa?"

"Sasa nahitaji watu. Wanne, wenye miili."

Jamani, nilikuwa nishavua aproni. Sikuhitaji hata kutoka nje ya geti. Niliita kwa juu ya ukuta.

Wifi alikuwa amepanga mbao nene chini ya kila tairi, gari limekaa kwa miguu yake lakini juu kiasi cha yeye kuingia chini. Bolti zote alizilegeza, akalitikisa mpaka likatulia. Fundi cherehani akawekwa kiti cha mbele badala ya shemeji, ambaye angekaa hapo kesho. Mama Pacha akashika usukani badala ya wifi mwenyewe. Nyuma nikakaa mimi, kwa kuwa kesho ningekuwepo nitake nisitake. Pembeni yangu, Mama mwenyewe.

"Uzito wangu hauna wa kuuigiza," alisema, akapanda polepole na mkoba wake.

"Sikilizeni," sauti ya wifi ikatoka chini. "Nusu saa. Msicheke, msigeuke, msisukumane. Mkitikisika, kazi inaharibika."

Mbona nilipata adhabu! Watu wanne, gari moja, nusu saa, hakuna kuongea. Fundi cherehani alianza kutetemeka mabega. "Ukicheka nakushusha," Mama Pacha akamnong'oneza, naye akatetemeka zaidi. "Nani huyo?" wifi akaguta. "Hakuna!" tukajibu kwa pamoja. Nilimwangalia Mama kwa pembe ya jicho. Alikuwa ameshikilia mkanda wa mlangoni kwa mkono wote, kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano. Hapo utani ukaniishia. Nikasikiliza spana ikilia chini yetu, bolti moja baada ya nyingine.

Jumamosi, saa nne. Wifi kwenye usukani, shemeji mbele, kageuza kioo ili amwone Mama badala ya barabara. Mimi na Mama nyuma. Njia ni ile ile: mfereji mmoja, matuta matatu, kisha unazunguka na kurudi.

Tulivuka mfereji. Gari likainama, likainuka, likatulia. Mama alikuwa ameushika ule mkanda. Akauangalia. Akauachia.

"Gari hili," akasema, "ndilo alilokuja nalo baba yenu kuposa. Mnajua aliingia nyumba siyo?"

"Nyumba siyo?" nikaruka. Miaka kumi na moja niko kwenye ukoo huu!

"Nyumba ya jirani." Tuta la kwanza. "Akakaribishwa, akakaa, akanywa chai, akala na keki." Tuta la pili. "Akaeleza nia yake vizuri sana, na binti wa pale akaitwa aje amwone. Alipotokea..." Tuta la tatu, kubwa kuliko yote. Shemeji akakaza macho kwenye kioo. "...baba yenu akainuka, akasema samahani, huyu siye, lakini chai ilikuwa nzuri."

Hakukata neno. Tuta lilipita katikati ya sentensi na sentensi haikujua.

Wifi alisimamisha gari getini. Nusu ya mtaa ilikuwa pale, sijui nani aliwaambia. Mama akashuka: mguu mmoja, wa pili, mikono yote miwili kwenye mkoba. Shemeji alikuwa ameganda akiitazama ile mikono.

"Unaangalia nini?" Mama akamwambia. "Funga mlango polepole, ni wa baba yako." Kisha akageuka. "Kwani tumefika? Mbona sijamaliza? Turudi tena, hamjasikia yule binti alivyojibu."

Makofi yaliyopigwa! Wifi hakuyasikia. Alikuwa amechuchumaa, anapima kwa vidole nafasi kati ya tairi na bodi. Vinne kulia. Vinne kushoto. Akatabasamu peke yake, nami nikamwambia kila aliyekuwa karibu, na hata wa mbali, kwamba huyo ni wifi yangu.

Saa sita juu ya alama mnunuzi wa vyuma chakavu akaingia na lori lake. Nikamtafuta shemeji kwa macho. Alikuwa kalala chali kwenye vumbi, shati la pasi na yote, nusu ya mwili chini ya gari.

"Njoo uone hapa," alikuwa akimwita yule mtu. "Angalia huu mkono. Angalia alivyochomelea, huoni hata palipounganishwa. Ni dada yangu huyo. Kaufanya hapa hapa nyumbani."